Samaki Aliyekunywa Wino

Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nusu yake nililisomea shambani. Lakini bahasha zilizopita mikononi mwangu zingeweza kuezeka nyumba. Nilifanya kazi kwenye kiduka cha uchapaji pale Ujiji, miaka ile watu wa ng'ambo walipokuwa wakivuka ziwa na magodoro kichwani. Nyumba yangu ya Rusimbi ilijaa mpaka paka akahama. Shangazi wa marehemu mume wangu alikuja na wajukuu kutoka Burundi. Nikimwambia "Mwakeye" asubuhi, anaitikia huku anachungulia sufuria. Simlaumu. Aliyelala porini na watoto wenye njaa huwa hasalimiani na sufuria tupu.

Mshahara wangu ndio uliotulisha wote. Hilo mlishike, maana mimi nikisimulia hupotea njiani.

Kazi kubwa ya duka letu ilitoka kwa mfanyabiashara mmoja wa dagaa. Aliwaandikia wateja wake, wa hapa mjini na wa Tabora, Shinyanga, mpaka Dodoma, kuwaambia bei kabla giza halijaingia. Kwa msiojua, dagaa wetu huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanalala nyumbani na wake zao, na miezi tisa baadaye wakunga hawakai chini. Basi, giza likiingia kabla barua hazijafika, mteja keshanunua kwa mwingine.

Kila mteja alikuwa na kipande chake cha karatasi ya nta, jina na anwani vimetobolewa kwa taipureta. Nakiweka juu ya bahasha, napitisha rola yenye wino, jina linatokea chini. Halafu kwenye kona nagonga muhuri wa mfanyabiashara: samaki wa kuchongwa kwenye mti wa mninga, mnene, mweusi tii. Alimchonga fundi wetu, naye alivuka ziwa, yeye kutoka upande wa Kongo.

Tatizo likaja kuwa wino. Ulitoka Dar es Salaam kwa treni, na miaka ile mabehewa yalibeba kwanza mahindi na mablanketi ya wakimbizi. Ilikuwa haki, nani atakula wino? Tukabaki na kopo moja, nalo limefika nusu. Mwenye duka alikuwa mtu wa Kilimanjaro, aliletwa huku na kazi ya serikali, akastaafu, akabaki. Akatuambia wazi: wino ukiisha kabla ya bahasha, kazi itapelekwa Tabora, naye atafunga mlango.

Akafikiri siku nzima na kalamu sikioni, akapata dawa.

"Mama, tupunguze maneno. Hizi Bwana, Mzee, Alhaji, zinafanya nini kwenye bahasha? Posta wanatafuta sanduku, hawatafuti heshima."

"Bosi, hapa ni Ujiji."

"Si nimekaa hapa tangu wewe ni msichana?"

"Umekaa, hukuzaliwa."

Akacheka, akaleta plasta. Tukaziba vitundu vya heshima zote, na ya kwake mwenyewe akaziba, maana naye alikuwa mteja wa dagaa. Mtu wa haki yule, hata akikosea anakosea na kwake.

Bahasha za hapa mjini ndizo zilizotangulia. Wiki haikuisha, akaingia mzee mmoja wa Kasingirima, mwenye duka la jumla, kanzu imepigwa pasi, bahasha ameishika kwa ncha mbili za vidole kama panya aliyekufa.

"Shikamoo, Alhaji," nikasema.

"Kumbe unajua! Marahaba. Sasa nani humu ndani kanivua hija yangu?"

Alhaji akaeleza kwamba karani wa posta alilisoma jina kwa sauti, watu wamejaa dirishani, likatoka tupu kama la mtoto. Mzee mwenzake akamtania palepale: "Kumbe ulifika Dar ukageuza!"

"Niliuza michikichi ya baba yangu nikaenda Makka," akasema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, hakuwa na hasira tena, ilimuuma. "Nyie mnaifuta kwa plasta."

Bosi akasimama. "Utusamehe, mzee wangu. Si dharau, ni wino." Akamletea kopo aone.

Alhaji akachungulia kopo. Akaitazama bahasha. Akapitisha kidole gumba juu ya samaki, kikatoka cheusi.

"Na huyu?"

"Huyo ni samaki wa mwenye mali."

"Huyu ndiye mlevi! Jina langu na hija yangu na sanduku langu la posta, vyote havifiki mkia wake!"

Fundi akaitikia kutoka pembeni, "Ni kweli, muzee. Hii samaki iko nakunywa kama mutu wa arusi."

Sote tulikuwa tumemgonga samaki yule kila siku, na hakuna aliyemtazama. Bosi akashika kichwa. "Lakini mwenyewe hatakubali aguswe."

"Mimi ni mteja wake," Alhaji akasema. "Nifuateni."

Tukabeba muhuri, kopo na bahasha, tukamkuta mfanyabiashara ufukweni pale Kibirizi, wanawake wakianika dagaa mchangani. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Samaki haondoki. Wateja wangu wengine hawasomi. Wakimwona samaki wanajua ni mimi, wanatafuta wa kuwasomea." Hapo alikuwa na hoja, nami niliona sufuria ya nyumbani.

Fundi akasema, "Patron, hatatoka. Nitamutoa tumbo tu." Akakaa juu ya gunia, muhuri magotini, akatoa kisu.

"Ukimharibu, utanichongea wengine mpaka uote mvi," mfanyabiashara akamwambia, lakini hakumzuia.

Vipande vya mninga vikaruka. Alibakiza ukingo, jicho, na miba michache ubavuni. Nikapaka wino kiduchu, nikagonga kwenye bahasha. Wanawake wakaja kuchungulia, mmoja akapiga makofi: "Sasa ndiye! Yule wa kwanza alikuwa mbichi, huyu kakauka, anauzika!"

Mfanyabiashara alikuwa hauzi dagaa wabichi hata kidogo. Akaishika bahasha mbali, akaileta karibu, kicheko kikamtoka pasipo kupenda. "Haya. Gongeni huyo. Na huyu mzee mrudishieni hija yake, asije akanihama."

Tulirudi dukani tukabandua plasta zote, taratibu, maana karatasi ya nta huchanika. Ya Alhaji niliibandua mimi mwenyewe. Bahasha zikaisha na wino ukabaki chini ya kopo, wa kutosha kazi ndogondogo mpaka treni ilete mwingine. Barua zikaondoka mwezi ukiwa bado angani.

Jioni ile nilifika Rusimbi vidole vyeusi. Shangazi alikuwa jikoni, akaniuliza bila kugeuka, "Kazi bado ipo?"

"Ipo."

Akaongeza unga kwenye sufuria.