Mteja Tuliyemwombea

Mwaka huu kikundi chetu cha maombi kilimlilia Mungu kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa na shida yoyote. Alikuwa na afya njema, nyumba kubwa kuliko kanisa letu, na mshahara ambao siutaji nisije nikaonekana ninatamani. Lakini tulimwombea kwa moyo wote, na Mungu, ambaye sijapata kumwona akirudisha ombi kwa sababu limekosewa anwani, alilipokea.

Ninaishi Pickering, karibu na Toronto huku Kanada, na mwanangu, mke wake na wajukuu wangu. Chumba changu ni cha besimenti, chini ya sakafu ya nyumba, kina joto la kutosha na kidirisha ambacho wakati wa theluji hunionyesha theluji tu, na ninashukuru. Mkwe wangu ni nesi. Mwanangu anafanya kazi ofisini huko Don Mills. Majira ya baridi yaliyopita iligundulika kwamba alikuwa akicheza kamari kwenye simu. Sikujua kwamba kamari imehamia huko. Nilikokulia mimi, mcheza kamari ilimbidi atoke nyumbani kwake, na angalau majirani walimwona akienda.

Mkwe wangu hakupiga kelele. Alimwita mumewe sebuleni, akaniita na mimi niwe shahidi, na mwanangu akaweka mkono juu ya Biblia yangu akaapa kwamba harudii. Nilisoma chuo cha Biblia na nikafundisha shule ya Jumapili tangu ujana wangu, kwa hiyo najua Bwana wetu alisema nini kuhusu kuapa. Niliona haukuwa wakati wa kufundisha.

Baadaye, tukiosha vyombo, mkwe aliniambia kwa sauti ya mtu anayesema sabuni imekwisha:

"Mama, akirudia, nachukua watoto naenda kwa dada. Sitagombana naye. Nitaondoka tu."

Dada yake anakaa Thornhill. Kwa gari si mbali, lakini nilijua alichomaanisha, na tangu siku hiyo kila simu ya mwanangu ilipolia moyo wangu ulilia nayo.

Alichoachiwa ni mchezo wa ofisini. Yeye na wenzake huunda timu za kubuni za besiboli. Kila mmoja anachagua wachezaji wa kweli, wale wakifanya vizuri uwanjani, naye anapata pointi. Hakuna fedha. Anayeshika mkia analeta donati. Mkwe alikubali, kwa kuwa donati hazijawahi kuvunja nyumba ya mtu.

Mwanangu alinifundisha mchezo wenyewe kwa subira ambayo hakuirithi kwa baba yake. Kuna mrushaji wa mpira, kuna mpigaji mwenye gongo. Ilinichukua muda kukubali kwamba watu wazima waliovaa kama wanaokwenda kulala wanaweza kusimama uwanjani robo saa bila kufanya lolote, na watu wengine wakalipa kuwatazama. Lakini alichokipenda yeye hasa ni historia ya mpigaji fulani mbele ya mrushaji fulani. Mtu anaweza kuipiga mipira ya warushaji wote wa bara hili, alinieleza, kisha akawa na mmoja ambaye kila wakikutana hagusi kitu. Yote yamewekwa kwenye kumbukumbu, ni kufungua tu na kusoma. Nilimsikiliza kwa mshangao. Alipokuwa mtoto nilimfundisha Zaburi iliyo fupi kuliko zote, ina mistari miwili, akashindwa na wa pili. Sasa alikuwa akinieleza bila kupumua mpira gani ulimshinda nani, katika mji gani, uwanja ukiwa wazi au umefunikwa.

Jumatano moja nilipanda kutoka chini kutafuta tangawizi, nikamkuta jikoni akizungumza na mtu kwenye simu kwa sauti ya chini.

"Huyu ni mteja wake kabisa," alikuwa akisema. "Akimwona tu mikono inalegea. Hawezi kujinasua. Nakwambia, kesho anaanguka tena."

Kwa jinsi alivyoendelea, sikudhani kwamba anazungumzia mteja wa dukani. Mtaani kwetu Magomeni, vijana walioharibiwa na unga wanaitwa mateja, na nimewaona wakilala wamesimama, mikono ikining'inia. Nikaelewa kwamba yuko ndugu anayeteswa na dawa za kulevya, na yuko mtu anayemuuzia. Mwanangu alipokata simu nikamuuliza ni nani huyo. Akashtuka, akasema ni mtu tu, wa hapa mjini.

"Ni mtu mwema?"

"Mwema sana, Mama. Tatizo lake ni huyo mmoja."

"Basi nitamwombea."

Akafikiri kidogo. "Mwombee," akasema. "Ila usianze kabla ya Ijumaa."

Niliona ajabu mtu kulipangia ombi siku, lakini nikajiambia labda Ijumaa ndipo anapopelekwa kwenye nyumba ya matibabu. Na kikundi chetu hukutana Alhamisi. Mgonjwa hawezi kusubirishwa kwa sababu ya kalenda.

Basi Alhamisi jioni akina mama walipokusanyika sebuleni kwetu, nikawaeleza. Kiongozi wetu ni mama mmoja kutoka Bukavu, mwenye sauti ambayo majirani wameshatuletea maneno juu yake. Akasimama akafumba macho. Mkwe wangu alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, akapiga magoti na sare yake karibu na mlango. Mwanangu alikuwa amejifungia chini, chumbani kwangu, kwa maelezo kwamba asitusumbue.

"Bwana," akaomba mama wa Bukavu, "tuko tunakuletea huyu ndugu. Mikono yake imelegea, uitie nguvu. Na yule mwenye kumuonea, Bwana, leo umuvunje kiburi yake."

Tukasema amina, tukasema tena. Ombi lilikuwa refu, kama kawaida yake, na lilikuwa halijaisha tuliposikia miguu kwenye ngazi. Mwanangu akatokea na simu mkononi, uso umemwisha rangi. Akauliza tunamwombea nani.

"Yule mteja wako," nikamwambia.

Alikaa palepale kwenye ngazi. Mama wa Bukavu, aliyedhani Roho amemgusa, akamsogelea akamuuliza huyo ndugu anakaa wapi, maana kesho wangempelekea sombe, yaani kisamvu, na ugali, mtu wa hali ile lazima hali vizuri. Ndipo mwanangu akatueleza, akitazama sakafu. Ndugu yule alikuwa mpigaji wa timu ya hapa Toronto. Mteja, kwa lugha ya wapenda michezo, ni yule anayefungwa na mtu mmoja kila siku, kama mnunuzi asiyehama duka. Hakuwa akitumia unga. Alikuwa akishindwa na mrushaji mmoja wa mkono wa kushoto, basi.

Mmoja wetu alianza kucheka, akajificha kwenye khanga. Mimi nilitamani sakafu ifunguke, nikakumbuka chini ni chumbani kwangu.

"Na leo je?" akauliza mama wa Bukavu, ambaye hapendi kazi isiyo na ripoti.

"Ameupiga," akasema mwanangu. "Umepita ukuta. Umeangukia kwa watazamaji."

Mama wa Bukavu akasema asifiwe Bwana, na wengine wakaitikia, kwa sababu tulikuwa tumeshazoea kuitikia. Mkwe wangu hakuitikia. Alikuwa bado amepiga magoti, akimtazama mumewe.

"Ni wa timu yetu," akasema polepole. "Mji mzima unashangilia. Mbona wewe huna raha?"

Nikakumbuka lile la Ijumaa, nikaelewa kwa nini ombi langu lilipangiwa siku. Mwanangu aliigeuza simu ikatazama chini.

"Mteja ni mimi," akasema.

Mkwe wangu akainuka, akajifuta magoti. Akamwambia mama wa Bukavu kwa upole: "Mama, malizieni ombi. Ila badilisheni mtu." Kisha akaenda kuwalaza watoto.

Jumamosi aliondoka nao, bila ugomvi, kama alivyosema. Alinikumbatia, akaniachia supu kwenye friji.

Siku hizi mwanangu huhudhuria mkutano wa watu wenye shida kama yake, na mimi humsindikiza, nikimsubiri garini na Biblia yangu ile iliyoapiwa. Njiani, mara moja, alijaribu kunieleza kwamba hesabu ya dau lake haikuwa na kosa, kumbukumbu zote zilionyesha yule mtu hapigi. Nikamuuliza walikuwa wamekutana mara ngapi. Akakiri kwamba si nyingi. Nikamwambia kwamba kabla ya posa baba yake alikutana nami mara chache vilevile, na mara zote nilimgeuzia mgongo. Angekuwepo wa kuweka kumbukumbu, yeye asingezaliwa. Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi.

Mimi sisemi kwamba tuliupiga ule mpira. Mama wa Bukavu ndiye anayesema, na bado anamwombea yule mpigaji kila wiki, baada ya wagonjwa na kabla ya serikali, kwa kuwa kazi iliyoanzwa haiachwi nusu. Mwanangu tunamwombea pia, sasa kwa jina lake.

Mkwe wangu haachi kuja Alhamisi. Wiki iliyopita alikuja na watoto, na nilipochungulia nikaona mabegi yao kwenye kiti cha nyuma cha gari. Sikuuliza. Mwanangu ndiye aliyeuliza, akiwa amesimama mlangoni, kama ayatoe.

"Bado," mkwe akamwambia, akavua koti. "Lakini chai nitakunywa."

Akaenda kuchemsha mwenyewe, na tangawizi akaweka nyingi, kama mwanangu anavyoipenda.