Pikapu Inayokunywa Kuliko ya Shemeji

Pikapu yangu na ya shemeji, kaka wa mke wangu, ni pacha: mwaka mmoja, injini moja, hata kutu ni ileile. Wote wawili tunauza mbao. Lakini yeye akijaza tangi anatembea siku nne. Mimi siku ya pili nasukuma. Na mke wangu hanyamazi: "Kaka yangu gari analitunza."

Roho iliniuma. Nikaipeleka kwa fundi. Alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akajaza matairi upepo, akakagua breki zisije zikawa zinashika. Wapi! Mita ya kilomita nayo ilikufa zamani.

"Basi twende wote," fundi akasema. "Nione unavyoendesha."

Tulishusha mzigo kwa mteja. Kurudi, kwenye njia panda nikakata kushoto.

"Banda lako si kulia?"

"Napita tu huku."

Huku ni kwa shemeji, mwendo wa nusu saa. Nikapunguza mwendo, nikahesabu wateja wake: watano. Watano! Mimi kwangu nafukuza nzi. Mzigo wa pili, nikapita tena. Fundi macho kwenye mshale wa mafuta.

Mara ya tatu shemeji alikuwa amesimama barabarani na kikombe cha chai.

"Karibu, shemeji. Leo umechelewa. Nikikuona saa nne na saa sita, ya saa tisa huwa nakutengea chai."

Fundi akashuka, akapokea kikombe yeye.

"Ubovu nimeuona," akamwambia. "Umekaa nyuma ya usukani."