Abiria Niliyemshusha Mkiwa

Watu nikiwasimulia jambo hili hucheka, halafu wakipanda gari nawaona wanakitupia jicho kiti cha pembeni. Cheka na wewe ukitaka. Mimi nilikuwepo. Ilikuwa alasiri, jua bado kali, kwenye banda langu la ufundi pale Mkiwa, njia panda ya kwenda Itigi, na sikuwa nimelewa wala kuumwa.

Miaka hiyo biashara zilikuwa zimefunguliwa na magari ya mtumba yanaingia nchini ya kila aina. Yale ya Kijerumani yalitutesa sana sisi mafundi wa umeme. Yana kompyuta ndani, na mashine halisi ya kuyasoma ilikuwa kwa mawakala tu, mijini huko. Ndipo zikaja adapta za Kichina. Kidude chenyewe kinaenea kiganjani: huku unachomeka kwenye soketi chini ya usukani, huku kwenye laptop, na programu ile ile ya mawakala, iliyonakiliwa kwenye sidii, inafunguka. Yangu niliinunua Kariakoo. Haikuwa orijino, na kuna siku ilikuwa inadanganya waziwazi.

Basi, siku hiyo upepo ulikuwa ule wetu wa kiangazi, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Likaja gari moja la Kijerumani, la kijivu, linalia ti-ti-ti bila kunyamaza. Akashuka mzee mmoja, macho mekundu kama mtu asiyelala.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Nizimie hiyo kelele, tafadhali. Imeanza tangu natoka nyumbani Misigiri, na bado nina safari ya Itigi."

Jina lake aliniambia ni Elia. Nikaijua ile kelele mara moja. Ni ya mkanda wa abiria. Chini ya kiti kuna sensa inayohisi uzito; mtu akikaa bila kufunga mkanda, gari linalalamika. Sensa ikifa, linalalamika hata kama kiti ni kitupu. Ugonjwa wa kawaida kabisa.

Nikachomeka adapta. Laptop ikaandika: kiti cha abiria, kuna mtu. Nikachomoa waya wa sensa. Ikaandika vile vile, kuna mtu. Na namba ya uzito haikutulia, inapanda kidogo, inashuka kidogo, kama mtu anayejigeuzageuza kwa kuchoka. Nikasema moyoni, adapta feki hii, imeshaanza. Wewe ungesema nini?

Jirani yangu pale alikuwa Mama Asha, muuza chai. Akaja na vikombe viwili. Kimoja akampa mzee. Cha pili akakipeleka kwenye mlango wa abiria, akainama dirishani.

"Mama, karibu chai."

Akangoja. Halafu akatugeukia.

"Mbona mama haitikii? Anaumwa?"

Niamini. Kile kiti nilikuwa nakitazama mimi, na sikuona kitu zaidi ya vumbi. Lakini Mzee Elia hakushangaa. Alikaa chini, pale pale kwenye mchanga.

"Amevaaje?" akauliza.

"Si kitenge cha kijani? Na pochi yake mapajani."

Mzee akafunika uso. Akatuambia huyo ni mkewe, Mama Neema, na walikuwa wamemzika mwisho wa mvua. Kwao ni Itigi. Kila mwaka alikuwa anaomba apelekwe akamwone mama yake, na kila mwaka mzee anamwambia subiri, tutakwenda gari likitengemaa. Sasa gari limetengemaa, na mzee alikuwa anakwenda ukweni peke yake, kuondoa tanga.

"Fundi," akaniambia, "siwezi kuingia ukweni na sauti hii. Nitapata wazimu. Futa hicho kiti."

Inawezekana, na hapo ndipo ubaya wa vifaa hivi. Ukiwa na adapta unaiambia kompyuta ya gari kwamba kiti cha abiria hakina sensa, haijawahi kuwepo, nayo inakubali. Programu ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza. Kelele ikakatika.

Mzee akashukuru, akawasha gari, akaondoka upesi.

Vumbi lilipopungua nikamwona. Alikuwa amesimama pale gari lilipokuwa, kitenge cha kijani, pochi mkononi. Upepo ulikuwa unapiga kila kitu, mabati ya banda yanagonga, mifuko ya plastiki inaruka, lakini kitenge chake kilikuwa kimetulia kama kimetundikwa ndani ya nyumba. Akanitazama. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo.

"Mwanangu," akasema, "ameniacha?"

Akageuka, akaanza kutembea kuifuata barabara ya Itigi, polepole, kama mtu ambaye viatu vinambana. Mama Asha alikuwa nyuma yangu.

"Umeshusha abiria wa watu," akaniambia. Akakusanya vyombo, akafunga biashara siku ile.

Kesho yake Mzee Elia akarudi, gari kimya.

"Mama mkwe alitoka nje kunipokea," akasema, "akachungulia garini. Akaniuliza, mwenzio yuko wapi? Nikamwambia, mama, si tulimzika? Akasema, mchana huu alinijia ndotoni nimejilaza, akaniambia yuko njiani. Fundi, nirudishie."

Nikairudisha sensa. Laptop ikaandika: kitupu. Nikakaa mwenyewe kujaribu, gari likalia. Nikashuka, likanyamaza. Tulisubiri sana tukitazama kioo cha laptop, wanaume wawili wazima, tukiomba kelele. Haikuja. Ndipo nikamwambia kwamba jana, alipoondoka tu, nilimwona mkewe akienda kwa miguu.

"Alielekea wapi?"

Nikamwonyesha. Akafungua mlango wa abiria, akauacha wazi, akaondoka mwendo wa mtu anayetembea, mlango ukipigwa na upepo mpaka akapotea.

Mzee Elia siku hizi anaishi Itigi. Madereva wa malori humkuta njiani, anakwenda taratibu, anasimama mahali pasipo na mtu, anafungua mlango, anangoja, anafunga. Mimi bado ni fundi, na adapta ninayo, ila kiti sifuti, hata uje na nani. Upepo wa kiangazi ukianza huwa siwezi kukaa bandani; natoka, natazama barabara ile, narudi, natoka tena.

Kwa hiyo, ndugu yangu, siku gari lako likilia kwamba kuna abiria hajafunga mkanda, nawe unajua uko peke yako, usikimbilie kwa fundi. Nyoosha mkono umfungie mkanda, na umfikishe alikokuwa anataka kwenda.