Nusu Dumu

Isdory Komba alikuwa na wivu wa vitu viwili duniani, mke wake na gari lake, na kwa miaka mingi Mungu alimsaidia visikutane. Mke alipanda vyombo vya watu wengine, gari likapandwa na Isdory peke yake, na nyumba yao ya Kilindoni ikawa na amani.

Gari lenyewe lilikuwa Celica ya zamani, nyekundu, milango miwili, gia za mkono, tumbo liko chini kiasi kwamba kuku akilala barabarani lazima aamshwe kwanza. Alilitamani tangu akiwa kijana wa sekondari kule Mbinga, siku alipoona moja likipita na maharusi ndani. Wenzake walimtazama bibi harusi, yeye akatazama magurudumu. Alipoajiriwa kuwa mpima ardhi na kuhamishiwa Mafia, watu walimshauri aliache bara, kisiwa kile ni cha pikipiki. Hakusikia. Alilivusha kutoka bandari ya Nyamisati limefunikwa turubai, akasimama kando yake safari nzima, akitapika huku amelishika. Kufika akakuta barabara ya kulifaa kweli ni moja, ile lami ya kwenda Utende. Basi ikawa hiyohiyo, kwenda na kurudi, kila Jumapili baada ya misa.

Na aliendesha jinsi alivyoota. Gia ya pili aliivuta mpaka injini ilie, akatupia ya tatu, akakanyaga mafuta, akaliona tuta, akabana breki mpaka kila kilichokuwa kiti cha nyuma kikahamia mbele, akalipanda tuta kwa hasira, akaanza upya. Vioo juu, kiyoyozi kimefunguliwa hadi mwisho. Kwake yeye, kuliendesha gari kama lile polepole kulikuwa sawa na kumlaza jogoo juu ya mayai. Jirani yake Bi Mize, mama wa palepale kisiwani aliyekaanga vitumbua mbele ya nyumba yake, hakuwa na simile na mtu.

"Baba Goodness, gari lako leo lina nini? Linashikwa na uchungu?"

"Ndiyo mlio wake, Bi Mize."

"Haya. Likizaa tuite."

Mwaka huu mke wake, Apolonia, alikuwa amepangiwa kliniki ya mama na mtoto kisiwani Chole. Yeye ni muuguzi. Ilimbidi afike Utende asubuhi, kisha avuke kwa mashua ndogo, na jioni arudi hivyohivyo. Kutoka Kilindoni hadi Utende alichukuliwa na bodaboda wa jirani, kijana anayeitwa Sadick. Kila mtu aliona ni jambo la kawaida isipokuwa mtu mmoja. Asubuhi moja Isdory, akiwa kazini na kipimo chake kando ya lami, aliiona pikipiki ikipita. Mikono ya Apolonia ilikuwa juu ya mabega ya Sadick, kitenge kinapepea, na alikuwa anacheka. Isdory hakujua anacheka nini. Mchana huo aliusukuma wali pembeni.

Usiku aliweka ufunguo wa Celica mezani, kando ya sahani ya mkewe.

"Kuanzia kesho utakwenda na gari."

Apolonia aliutazama ufunguo, akamtazama yeye. Leseni alikuwa nayo tangu zamani. Kuendesha alifundishwa na mjomba wake, dereva wa lori la kahawa kule kwao, lakini katika ndoa yao yote hakuwahi kuonyeshwa hata jinsi kiti cha dereva kinavyosogezwa mbele.

"Una homa, Baba Goodness?"

"Sina. Ila usinimalizie gari langu."

Hivyo ndivyo wivu mmoja ulivyoukabidhi mwingine ufunguo. Pengine mambo yangeishia hapo kama si shida ya mafuta. Kisiwani petroli huvuka bahari kama abiria wengine, na majuma yale chombo cha kuileta kilichelewa, sheli zikakauka, mwenye gari akawa anaishi kwa dumu. Isdory alinunua madumu ya lita tano akawa anamimina mwenyewe kwenye tangi, moja moja. Kipima mwendo cha Celica kilikuwa kimekufa siku nyingi, chumvi ya bahari ilikila nyaya. Kilichobaki hai ni mshale wa mafuta. Na yeye ni mpima. Akabandika vipande viwili vyembamba vya plasta kwenye kioo cha mshale, kimoja pale unapopanda dumu likimiminwa, kingine chini kabisa, pale mafuta yanapokwisha.

Alikijua kipimo chake vizuri. Dumu moja, Utende kwenda na kurudi, mshale umelala. Hakuna Jumapili ambayo hesabu hiyo ilikataa.

Siku ya kwanza Apolonia aliporudi kutoka kazini, Isdory aliingia ndani ya gari kulikagua, akakuta mshale umesimama katikati ya plasta zake mbili. Nusu dumu bado lipo. Akafikiri mshale umenata, akaupigapiga kwa kidole. Akajazia hadi plasta ya juu, na siku ya pili ikawa hivyohivyo. Siku ya tatu alikaa mle ndani na mlango umefungwa, jasho likimtiririka, akapiga hesabu yake polepole kama mtu asiyetaka kufika kwenye jibu. Dumu zima ni Utende na kurudi. Nusu dumu ni nusu ya njia na kurudi. Mke wake hafiki Utende. Anafika nusu ya njia, anakaa huko kutwa, anarudi.

Na nusu ya njia anakaa nani? Rabson.

Rabson alikuwa bwana ugani wa kilimo, mjane, nyumba yake iko peke yake kando ya lami na mnazi uliopinda mbele ya mlango. Kanisani aliimba sauti ya nne, na alipoimba hata watoto waliacha kulia. Jumapili iliyopita tu alimwambia Isdory, meno yote nje, "Mama Goodness siku hizi simkosi, kila asubuhi." Wakati ule Isdory alicheka naye. Sasa maneno yale yalimrudia usiku kucha. Simkosi. Kila asubuhi. Mbona alisema kwa furaha hivyo? Dalili ya mvua ni mawingu, naye alikuwa ameyatazama mawingu akayasifu weupe.

Tangu hapo hakuna kilichokuwa kidogo. Papai lilikutwa kiti cha nyuma.

"Hili la wapi?"

"Nimepewa na Biasha, mama mmoja wa kule Chole. Mtoto wake amepona."

Papai zuri, la mkulima anayejua kazi, akawaza Isdory. Hakulila. Alimuuliza bahari ilikuwaje, akamwambia ilikuwa shwari. Shwari tu? Mtu aliyevuka kweli angekuwa na zaidi ya kusema. Alitazama viatu vya mkewe kutafuta tope la ufukweni, akavikuta safi, na usafi wao ukamuuma kuliko tope. Usiku alimsikiliza mkewe akipumua kwa raha, akamchukia kwa jinsi alivyolala vizuri. Wahenga wanasema ukimchunguza sana bata humli, lakini Isdory alikuwa ameshamnyonyoa bata wa watu manyoya yote na bado anatafuta.

Alhamisi alihakikisha tangi limekauka, akamimina dumu kwa mkono wake, akaona mshale umegusa plasta ya juu. Jioni aliketi kibarazani akisubiri. Celica likaja taratibu, halisikiki, likazimwa. Hata kabla Apolonia hajashusha mkoba wake, Isdory alikuwa ameshaingiza kichwa dirishani. Mshale katikati.

"Mama Goodness, gari hili haliongopi."

"Limesema nini?"

"Limesema hufiki Utende. Unaishia kwa Rabson."

Alisema kwa sauti. Bi Mize, kijiko cha kugeuzia vitumbua mkononi, aliacha vitumbua viungue. Apolonia alisimama na mkoba wake, ametoka kupima watoto tangu asubuhi, miguu imemvimba. Hakulia wala hakupiga kelele, na Isdory, aliyejiandaa kwa vyote viwili, akakosa pa kushika.

"Kwa hiyo zile plasta ulikuwa unanipima mimi," alisema mwishowe. "Nimeziona siku ya kwanza. Nilidhani unalipima gari."

"Dumu moja ni Utende na kurudi. Mimi najua!"

"Ukiendesha wewe." Akafungua mlango wa abiria. "Ingia."

Isdory hakuwahi kukaa upande ule. Alihangaika na magoti yake, akafunga mkanda. Apolonia aliteremsha vioo vyote, akazima kiyoyozi, akaondoka kama mtu anayetoka chumba alicholala mgonjwa. Gia ya pili, ya tatu, ya nne, zote mapema, injini inanong'ona. Barabara ilipoanza kushuka aliinua mguu, gari likajiendea lenyewe. Tuta likiwa bado mbali kabisa alikuwa ameshaacha kukanyaga, na walipolifikia walilipanda bila hata kugusa breki. Isdory alijikuta anabana miguu yake mwenyewe, wa kulia unatafuta mafuta, wa kushoto unatafuta klachi.

Karibu na mnazi uliopinda kuku walikuwa barabarani. Apolonia akapiga honi fupi, kuku wakatawanyika, mkono ukatoka dirishani mwa nyumba na kupunga. Gari halikupunguza mwendo.

"Mjomba alikuwa anapewa dizeli ya kwenda tu," alisema, macho mbele. "Ya kurudi ilibidi aibane humohumo. Nami niliambiwa nisimalize gari la mtu. Nikalilea."

Utende walifika jua halijazama. Mama mmoja aliyekuwa anangoja mashua ya kurudi Chole, ndoo ya mihogo kichwani, alimwona akaja mbio.

"Nesi! Si tumeagana sasa hivi? Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu, Biasha. Nimemleta Baba Goodness aone bahari."

"Shikamoo, baba. Papai lilikuwa tamu?"

Isdory aliitikia marahaba kwa sauti isiyofika. Alitazama mshale. Robo dumu ilikuwa imebaki, na alijua, kama alivyojua jina lake, kwamba chini ya mguu wa mkewe robo ile ingewafikisha nyumbani. Aibu ilimshuka kuanzia masikioni, lakini nyuma ya aibu ikaja furaha kubwa ya kijinga. Si kweli! Haikuwa kweli hata kidogo! Alitaka kumbeba mkewe pale ufukweni mbele ya watu. Alitaka kufanya kitu kikubwa, na kikubwa alichokijua kilikuwa kimoja.

"Nisamehe, mama. Nipe ufunguo, nikurudishe mimi. Wewe pumzika."

Apolonia alifikiri kidogo. Kisha akampa.

Jamani, mtu hujifunza polepole. Isdory alifurahi, na alipofurahi aliendesha kama mtu aliyefurahi. Alivuta gia ya pili mpaka injini ikalia, akafunga vioo ili vumbi lisimsumbue mkewe, akafungulia kiyoyozi ili apoe, akaongea njia nzima, atabadilika, plasta atazibandua leo hii hii. Tuta, breki, mafuta. Tuta, breki, mafuta. Apolonia alitazama mshale ukishuka.

Celica likakohoa, likajikaza, likakohoa tena. Likatambaa hatua zake za mwisho na kusimama chini ya mnazi uliopinda.

Rabson alitoka akiwa na msuli na fulana, amefurahi kweli.

"Karibuni, karibuni! Mama Goodness, leo ndiyo umesimama? Siku zote hizi ni honi tu, piii, umepita! Nikasema huyu dada hata maji ya kunywa hataki kwangu."

Isdory alishika usukani wa gari lililokufa. Kwa mguu wake, mafuta yale yalifika hapa tu.

"Nimechoka, Baba Goodness," Apolonia alisema taratibu. "Kazi hainichoshi hivi. Nimechoka kupimwa."

Akashuka, akachukua mkoba wake. Pikipiki ilikuwa inakuja kutoka upande wa Utende, na taa yake ilipowamulika akapunga mkono. Alikuwa Sadick.

"Ngoja kidogo," Isdory aliruka nje. "Rabson atatutafutia mafuta, tutaondoka wote. Mama Goodness, nimekosa. Nimesema nimekosa."

"Nimekusikia."

"Sasa?"

"Sasa nakwenda kulala." Akampa Rabson mkono wa kwaheri, akakunja kitenge, akapanda. "Na kesho usihangaike na dumu. Gari ni lako."

Ilikuwa nafasi yake. Angeweza kuutazama uso wa mkewe, ambao ulikuwa pale, umegeuzwa kwake, unangoja kidogo kuona kama ana neno. Lakini Sadick alikuwa ameshatia gia, na macho ya Isdory yalikuwa chini zaidi, kwenye mabega ya yule kijana, yakitazama mikono ya mke wake inashika wapi.

Apolonia aliyaona. Akageuka mbele, akamgusa Sadick begani waondoke.