Karanga za Shikamoo

Mama mkwe wangu huwatemea mate wajukuu wake wote. Ndiyo baraka ya kwao Mogitu: mtoto anakinga kiganja, bibi anatema kidogo, basi. Binti yangu tu ndiye aliyekuwa akirukwa. Ana miaka tisa, ubongo wake ulichelewa kukua, maneno yanamtoka kwa shida, na wageni wakiingia alikuwa anakimbilia zizini kwa mbuzi. Mkwe alishasema hawezi kumbariki mtoto asiyemwamkia mtu. Niliona haya kila mara, kana kwamba nimezaa mwizi.

Mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu hapa Tlawi akanielekeza. Akisalimia, mpe papo hapo kitu anachokipenda, na umsifu. Akizoea, punguza kitu, bakiza sifa. Karanga nilitoa. Sifa zilinishinda, mdomo wangu ni wa kugomba. Kupunguza nako sikupunguza, maana mkwe alikuwa karibu kuja. Haraka haraka haina baraka, nami baraka ndiyo niliyokuwa naikimbilia.

Siku aliyofika, mtoto alisogea mwenyewe. "Shikamoo," akasema, wazi kabisa, kisha akakinga kiganja.

Alikuwa anadai karanga. Mkwe aliona mjukuu anaomba baraka. Machozi yakamlengalenga, akamtemea, halafu akanisifu kwamba nimelea vizuri kuliko wake wa wanawe wengine wote. Niliinama kupokea sifa ambazo si zangu, karanga nimezibana kwenye mfuko wa sweta.

Mtoto alikitazama kiganja, akakifuta kwenye gauni, akanikingia mimi. Nikajifanya nachochea moto. Akaanza kulia, kilio chake kile cha kujigonga kichwa ukutani. Mkwe akauliza anataka nini. Aibu ilinichoma mpaka masikioni.

"Karanga, mama. Ndizo nilizomfundishia kukuamkia."

Nilingoja anitukane, na angenitukana ningepata nafuu.

"Nimemruka miaka yote hii, hakulia," akasema. "Mpe haki yake."

Nilizitoa zote. Tulikaa pale, yeye na mimi, kila mmoja anaangalia sakafu, mpaka mtoto alipomaliza kutafuna.