Mdhamini wa Pili

Niliondoka Tabora na begi moja lenye viraka, nikarudi na stashahada ya biashara na gari langu mwenyewe. Nyumba yangu ya Ipuli nimeijenga kwa jasho langu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba asubuhi ile sikwenda mahakamani kubembeleza mtu.

Mdogo wangu alikuwa kizimbani kwa shambulio la kudhuru mwili. Tulikuwa tumemzika mama huko Ntalikwa, na watani wetu Wazaramo walikuja kufanya kazi yao. Utani huo ulianza babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani, na msibani mtani ana ruhusa ya karibu kila kitu. Mmoja wao alijifunga khanga ya mama, akajikongoja kulizunguka kaburi huku akikohoa kama yeye. Tulicheka huku tukilia, ndivyo inavyotakiwa. Mdogo wangu peke yake hakucheka. Alimtandika ngumi ya mdomo, jino likatoka. Kwetu kumkasirikia mtani ni aibu. Kumpiga msibani sijawahi kusikia.

Hakimu alisema dhamana iko wazi: wadhamini wawili wenye makazi yanayojulikana, kila mmoja na kitambulisho na barua ya mtendaji wa kata yake. Wengi hudhani dhamana ni kumnunua mtu. Sivyo. Unasaini bondi, yaani ahadi kwamba mshtakiwa atafika kila akiitwa. Akitoroka, ndipo fedha iliyoandikwa pale inapodaiwa kwako.

Kama wadhamini wasingetimia kabla mahakama haijafungwa, mdogo wangu angepelekwa gerezani mpaka kesi itajwe tena. Na tumbaku yake ilikuwa imeiva. Jani la tumbaku halimsubiri mtu. Lisipochumwa na kuingizwa kwenye bani likaushwe kwa moto, huungulia shambani, na ada za watoto huungua nalo.

Mdhamini wa kwanza nilikuwa mimi. Wa pili nilimleta mfanyabiashara mwenzangu, mtu aliyezoea kula mezani kwangu. Alisoma bondi mpaka macho yakakwama kwenye neno "akitoroka".

"Kaka, ngoja nikaegeshe gari vizuri," akasema.

Mpaka leo anaegesha.

Nikapiga simu. Kila rafiki alikuwa safarini. Mmoja alidai yuko Mwanza, na nyuma yake naisikia mashine ya kusaga ya jirani yangu. Sikukaa chini. Kama nilijenga nyumba bila msaada, sikuona sababu ya kushindwa na kiti kimoja cha mdhamini.

Kwenye benchi la nje alikaa aliyepigwa, mdomo umevimba, pamoja na shangazi yake, bibi wa Kizaramo anayeishi Ntalikwa tangu sijazaliwa. Nikawaendea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mpagazi. Mbona unahema? Babu zako walibeba pembe mpaka baharini, wewe ndugu mmoja tu amekushinda?"

"Hajanishinda. Nimekosa wa kushika upande wa pili."

"Na ile diploma uliyoitundika ukutani haina mikono?"

Benchi zima likacheka. Nami nikacheka, maana mimi najua mtani hakasirikiwi.

"Basi shika wewe, shangazi."

Kicheko kikakatika. Bibi akamtazama mtoto wa kaka yake, kisha akanitazama mimi kuanzia viatu hadi kitambi.

"Huyo mdogo wako akifungwa, siku nikifa nani atavaa khanga yangu? Wewe huwezi, haitafika kiunoni. Washa gari."

Tulikwenda kwa mtendaji wa Ntalikwa na kurudi na barua, vumbi likitufuata njia nzima. Hakimu alipomwona alivua miwani.

"Bibi, unajua aliyepigwa ni mtoto wa kaka yako?"

"Najua, mheshimiwa. Na aliyempiga ni mtani wangu. Nyumba yake naijua, na akikimbia najua pa kumkamatia."

Hakimu akamuuliza mlalamikaji kama ana pingamizi.

"Sina, mheshimiwa. Ila asinisogelee. Bado nina meno."

Hilo hakimu alilifanya sharti: mdogo wangu asimkaribie mlalamikaji mpaka kesi iishe. Nikasaini, shangazi akaweka dole gumba. Mdogo wangu alipotoka alitaka kumpigia magoti.

"Kachume tumbaku," bibi akamwambia. "Siku ya kesi usipofika, nahamia kwako nile mpaka mbuzi wa mwisho."

Kesho yake tulikuwa shambani, mimi na suruali yangu ya ofisini nimeikunja, na nawaambia hakuna kibarua aliyenipita. Bani lilijaa, moto ukawashwa.

Siku ya kesi nilimpitia mdogo wangu mwenyewe, kisha shangazi. Mlalamikaji alikuwa amesimama mlangoni kwa shangazi, naye akaomba lifti.

"Sharti la hakimu haliruhusu," nikamwambia.

"Basi mshushe huyo mpiga ngumi," shangazi akasema, akijiweka sawa kwenye kiti cha mbele.

"Hapana, shangazi. Huyu hashuki mpaka mahakamani. Mpwa wako nitamrudia."

Na nilimrudia.