Mpeasi wa Nyuma ya Jiko

Hivi nyie mshawahi kunusa ua la mpeasi? Kwa macho ni zuri, jeupe kama shuka la hospitali. Sasa weka pua. Linanuka dagaa wabichi. Mti ukitoa maua, wageni wangu hapa Misunkumilo wanachungulia jikoni, wanadhani nimeficha kitoweo. Mimi nacheka. Ila harufu hiyo ikinikuta niko peke yangu, sicheki.

Mti huo niliuchagua mwenyewe nikiwa mtoto, bado nina mapengo mbele. Baba alirudi kutoka kwa ndugu zake Sumbawanga juu ya lori la mahindi, kabeba miche miwili kwenye makopo, mwembe na mpeasi. Kiangazi kilikuwa kimekaza na kisima kiko mbali, akasema maji yatatosha mti mmoja tu. "Mchota maji ni wewe, mama," akaniambia, maana nilipewa jina la mama yake, "basi chagua wewe."

Shangazi, dada yake baba, akadakia, "Mwembe huo. Hilo peasi ni la kwenye baridi, kwa joto hili litazaa mawe."

Nikachagua mpeasi. Majani yake yalimeremeta, halafu shangazi hakuutaka. Na mawe aliyosema yalikuja kweli. Mapeasi yetu uyatafune uwe na meno ya mbuzi.

Siku hizo nyumbani kulikuwa kimya. Mama alikuwa na tumbo, mvua zikaisha hana tumbo, na mtoto hayupo. Nikauliza, shangazi akasema mtoto amerudi alikotoka, niache maswali. Hakukuwa na matanga. Ila mama kila asubuhi akawa anazunguka uwanja peku, anakanyaga polepole, anasimama, anabonyeza ardhi kwa kidole cha mguu, anaendelea. Nilidhani kadondosha hereni. Nikawa namsaidia kutafuta.

Siku ya kupanda, mama alikuwa kwenye mihogo. Uwanja mgumu, jembe linaruka tu. Nikazunguka nyuma ya jiko, pale jembe likazama lenyewe. Nikachimba kwa furaha mpaka likagonga chungu, kimefunikwa kigae. Nikainua kigae kidogo. Ndani kuna kipande cha kanga ya mama, ya kijani, kimefungwa fundo. Sikugusa. Sijui niliogopa nini. Nikarudisha kigae, nikafukia, mpeasi wangu nikaupanda juu yake.

Mama aliporudi akauona mche, akatua mihogo. Akauliza taratibu, "Mwanangu, hapa ulipochimba umekuta nini?"

Mimi nikajua nimeharibu chungu chake, nachapwa.

"Mawe tu, mama."

"Mawe tu?"

"Mawe tu."

Akachukua ndoo, akamwagilia. Kesho yake akaanza tena kuzunguka uwanja, ila nyuma ya jiko hakutafuta tena.

Mti ulipokua, akapapenda. Miaka na miaka alikaa pale akimenya mihogo, miguu kanyoosha, anaimba kidogo kidogo. Mimi sikukaa. Nikiitwa kula, sahani yangu nabeba juani. Mama akasema nina wazimu, nimechagua mti wa kivuli halafu naukimbia. Upepo ukipita kwenye majani nilikuwa nasikia kama kuna mtu anapumua kwa kamdomo kadogo.

Nilikuja kuelewa mama keshafariki. Shangazi, kazeeka, tunachambua maharage, ndiye akanieleza. Mtoto aliyezaliwa bila kulia, wanawake wa kwetu walimzika wenyewe kwenye chungu, karibu na nyumba. Mama yake hakuonyeshwa mahali, eti akienda kulia pale hatashika mimba nyingine.

"Tulimweka nyuma ya jiko," akasema. "Mama yako aliniomba mpaka anazeeka nimwonyeshe. Sikumwambia. Nilimwonea huruma."

Maharage yakanishinda. Kumbe mahali tulipajua wawili, na aliyekuwa anamtafuta ndiye hakujua, na kila siku alikuwa amekaa naye. Aliniuliza mara mbili. Mara mbili jamani, na mimi nikamjibu mawe.

Juzi mjukuu wangu Neema, kapata kiwanja Ilembo, akaja kuniuliza apande mti gani wa kivuli na matunda. Badala ya mti nikamweleza haya yote.  Akauliza mama yangu kalazwa wapi. Nikamwambia makaburi ya kanisani, mbali, magoti yangu hayafiki tena.

"Basi bibi, Jumapili nakuja na bajaji," akasema. "Tunachota udongo hapa chini ya mpeasi, tunampelekea. Utamwambia wewe mwenyewe ulichokuta. Mimi nitakushika mkono."